Tulifaulishwa angani

Aliyewahi kupanda basi la Tanga msimu wa sikukuu anajua maana ya kufaulishwa. Umekata tiketi ya basi zuri lenye kiyoyozi, siti ya dirishani umeichagua mwenyewe, na unajua mkishatoka mjini konda atapita na soda na biskuti. Mara basi linagoma njiani, au abiria hawakutosha, na konda anakujia na upole usio wake: "Jamani, tunawafaulisha kwenye hili la nyuma." Nauli hairudi wala haiongezeki, na Tanga mtafika. Ila ile soda isahau. Ukimdai konda wa basi la pili atakuuliza, "Kwani mimi ulinipa hela?"

Nimepanda ndege miaka mingi bila kujua kwamba nazo hufaulisha. Tofauti ni kwamba wa ndege wanakwambia mapema, kwa herufi ndogo chini ya namba ya safari, na wana jina la kistaarabu: kodisheya. Shirika moja linakuuzia tiketi kwa namba yake, lakini ndege, marubani, wahudumu na jiko ni vya shirika jingine. Tazama ubao wa uwanjani: namba zinabadilika, huku saa na geti vimetulia palepale. Hizo si ndege nne. Ni ndege moja yenye majina manne, kama mtoto wa pwani mwenye jina la chuoni, la shuleni, la bibi yake na la mtaani.

Sisemi ni wizi. Kwa tiketi moja mizigo yako inapokelewa Dar na kupelekwa mbali bila wewe kuibeba kila kituo, na ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi yao kukutafutia nyingine. Shida huanzia tumboni.

Mwaka 2023 tulisafiri watu watatu, mimi, mdogo wangu wa kike na Mama, kwenda Columbus, Ohio, kumwona kaka yetu na mjukuu ambaye Mama alikuwa anamjua kwa video tu. Njia ilikuwa Dar, Nairobi, Amsterdam, New York, kisha Columbus. Majina ya mashirika nayaweka kando, maana kosa kubwa lilikuwa langu. Tiketi zote tulinunua kwa shirika moja na kila safari ilikuwa na herufi zake mbili, zile zinazotangulia namba ya safari. Nami kwa safari za kikazi nilikuwa nimejipatia kadi ya dhahabu ya muungano wa mashirika ambao shirika hilo limo, ile inayokufungulia mlango wa launji, ukumbi wa uwanjani wenye viti laini na chakula. Nilimwahidi Mama kwamba safari hii hatakaa kwenye viti vya chuma. Tangu Mwembechai mpaka uwanjani nilikuwa nasimulia launji kama mtu aliyeijenga.

Mama ana kisukari. Dawa yake mojawapo hushusha sukari uwe umekula au hujala, kwa hiyo kwake mlo wa saa mbili usiku ni wa saa mbili usiku kweli. Ndiyo maana wiki mbili kabla nilifungua tovuti ya shirika lililotuuzia tiketi, nikatafuta pa kuagizia chakula maalumu, nikamchagulia cha wagonjwa wa kisukari. Nikaona alama ya kijani, nikafunga kompyuta. Sikuona kwamba alama ilikuwa moja tu, na safari zilikuwa nne.

Mama mwenyewe hakuamini alama ya kijani. Alibeba korosho za kukaanga, mayai sita ya kuchemsha, mihogo mikavu, na chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi usio na sukari. Nilimwambia uji hautapita, maana kwenye mzigo wa mkononi kimiminika hakitakiwi kuzidi mililita 100 kwa chombo kimoja. Akasema tutaona. Tulipofika kwenye mashine ya ukaguzi pale Terminal 3, kijana wa usalama akaomba aumwage. Mama akamtazama kama aliyeambiwa atupe mtoto. Akafungua kifuniko, akasogea pembeni ya mstari, akaunywa wote kwa raha zake huku watu wakimpisha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Launji ilikuwa ghorofani. Nilimkabidhi mhudumu bodingi pasi na kadi, kifua mbele. Akamwamkia Mama kwanza, "Shikamoo mama," kisha akazisoma mara mbili. "Kaka, kadi ni nzuri, ila ndege mnayopanda sasa hivi si ya muungano huu. Namba ndiyo yao, lakini anayerusha ni mwingine." Nikamwonyesha herufi mbili za kwenye tiketi. Akanionyesha mstari wa chini yake, ule ambao sikuwahi kuusoma: inaendeshwa na. Hapo palikuwa na jina la shirika dogo la kikanda lisilo na muungano wowote. Alisema tunaweza kulipia, akataja bei kwa kila kichwa. Kwa hesabu yangu, hela hiyo ingetulisha pweza na mihogo Forodhani karibu wiki nzima.

Tukarudi kwenye viti vya chuma. Mama akanigonga gotini. "Wewe usinune. Mimi si nimeshakunywa uji wangu?"

Kanuni yenyewe ya launji niliitafuta baadaye, nikakuta ni ile ile popote. Miungano mikubwa ni mitatu. Star Alliance inao Ethiopian tangu Desemba 2011 na EgyptAir tangu 2008. SkyTeam inayo Kenya Airways tangu 2010. Oneworld inayo Qatar Airways tangu 2013. Yote mitatu humtazama anayerusha ndege unayokwenda kuipanda, awe mwanachama, na wengine hutaka na aliyeuza namba awe mwanachama pia. Emirates haimo katika muungano wowote, RwandAir na Air Tanzania nazo hazimo, ingawa mashirika ya namna hiyo huuza na kununua namba na wanachama wa miungano kila siku. Kwa hiyo tiketi yako inaweza kuwa na jina la shirika kubwa la muungano, mwili wako ukawa kwenye ndege ya nje ya muungano, na mlinzi wa mlango wa launji akaufuata mwili.

Saa moja na robo mpaka Nairobi. Tulipewa juisi ya boksi na kipakiti cha biskuti tamu. Mama alizitia mkobani, "za mjukuu", akamenya yai. Harufu ya yai ndani ya ndege ndogo mnaijua. Jirani yetu, mzee mmoja, alimtazama mara mbili. Mara ya tatu Mama akampa la kwake, na harufu ikaisha kuwa tatizo.

Nairobi mambo yalibadilika, maana ndege ya kwenda Amsterdam ilikuwa inarushwa na mwanachama wa muungano wangu, ingawa bado si yule aliyetuuzia. Nilikwenda kaunta ya launji bila kifua safari hii. Dada wa pale alicheka, "Karibu sana, mum." Halafu akahesabu vichwa. Kadi inaruhusu mwenye kadi na mgeni mmoja. Mmoja, si "familia yake". Mdogo wangu alituokoa na aibu, akasema yeye anakwenda kutembeatembea madukani, tuingie sisi wazee. (Mimi namzidi miaka 4 tu.)

Ndani Mama alizunguka meza yote kabla ya kushika sahani, kama anayekagua shughuli ya jirani. Aliuliza nyama imechinjwa na nani. Akauliza hizi chupa za pombe zinafanya nini karibu na matunda. Akauliza nani analipa. Nilipomwambia hakuna anayelipa, akashusha sauti: "Hakuna kitu cha bure, mwanangu. Wewe umeshalipa, ila hujui lini." Alichukua mboga za majani, maharage, samaki na kachumbari, akala vizuri, akameza dawa zake saa mbili na nusu. Kisha akafunga sambusa mbili kwenye kitambaa cha karatasi. Nikamwambia Mama, hapa hawaruhusu kutoa chakula. "Mtoto wangu yuko nje na njaa, mimi niko ndani nashiba, na wewe unaniambia habari ya ruhusa." Sambusa zikatoka. Mdogo wangu tulimkuta ameshakula chipsi na kuku na kunywa kahawa, na sambusa alizila pia.

Sasa ile alama ya kijani. Ndege ya Amsterdam iliondoka karibu na saa sita usiku, wakapitisha chakula baada ya saa moja hivi. Wali mweupe na kuku, au tambi na mchuzi mzito, pembeni kitindamlo cha maziwa na sukari, na mkate. Nikamwambia mhudumu kuna chakula maalumu cha jina fulani, siti fulani. Akaangalia orodha yake, akaenda kuangalia ya mwenzake, akarudi. Hakipo. Nikatoa simu, nikafungua tovuti, nikamwonyesha kijani changu. Akaisoma kwa makini kuliko mimi, kisha akaniwekea kidole kwenye safari ya Amsterdam kwenda New York. Kijani kilikuwa cha huko. Kwa safari hii kulikuwa na maneno ya kijivu ya kuniambia niwasiliane na shirika linaloendesha ndege.

Nimekuja kuuelewa mtambo wake. Tiketi yako ina herufi sita, mchanganyiko wa herufi na namba, hiyo ndiyo namba ya bukingi. Watu wengi tunadhani ni moja. Kumbe kila shirika lina daftari lake, na kwenye daftari la anayerusha ndege safari yako huwa na herufi sita nyingine ambazo hukupewa kwa sababu hukuziomba. Ombi la chakula linatakiwa litoke daftari la muuzaji liingie daftari la mrushaji, kwa alama ya herufi nne inayojulikana duniani kote: DBML ni ya kisukari, MOML ya Kiislamu, VGML ya wasiokula nyama wala kitu chochote cha mnyama, CHML ya watoto. Mara nyingine linavuka salama. Mara nyingine linafia mpakani na hakuna wa kukupigia simu kukupa pole. Mwenye jiko hapiki kwa daftari la jirani. Huchukua orodha yake, kwa kawaida masaa 24 kabla ya ndege kuondoka, na vyakula vingine hutaka zaidi ya hapo.

Mhudumu yule hakuwa na kosa na hakujitetea. Alikwenda nyuma ya pazia akarudi na sahani ya jibini, nyanya na matango, vipande vya tikiti, na mkate mweusi ambao nadhani ulikuwa wa wahudumu wenyewe. Mama aliongeza korosho. Alikuwa ameshakula Nairobi, kwa hiyo hatukuingia hatarini, lakini nililala vibaya nikifikiria: kama wangetukatalia na launji ya Nairobi, ningekuwa nimembeba mgonjwa juu ya bahari nikiegemea alama ya kijani na mayai aliyochemsha mwenyewe, yale niliyomcheka.

Kutoka Amsterdam kwenda New York chakula kilikuja kabla ya watu wote, kina kibandiko chenye namba ya siti na zile herufi nne. Hivyo ndivyo vyakula maalumu huletwa, mbele ya kigari. Mama alifurahi kuhudumiwa kwanza kuliko alivyofurahia chakula.

New York sina mengi ya kusema. Unapoingia Marekani unachukua mizigo yako kituo cha kwanza, unapita forodha, unaikabidhi tena. Mayai yalikuwa yameshaisha, maana hayo na nyama usijaribu. Korosho tulizitaja kwa afisa, akatupungia mkono tupite. Lakini ndege ya Columbus nitaisema kidogo. Ilikuwa ndogo, ubavuni imeandikwa jina kubwa linalojulikana, na karibu na mlango, kwa maandishi ya ukubwa wa kidole, jina la kampuni nyingine. Huko ndivyo walivyo, mashirika makubwa hukodi kampuni kama SkyWest au Republic kurusha safari fupi chini ya rangi na jina lao. Nilimwonyesha Mama yale maandishi. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Tumefaulishwa tena!" Ndani walitupa maji na kipakiti cha vitu vikavu vyenye chumvi vilivyosokotwa kama fundo la kamba. Korosho zikafanya kazi yake ya mwisho.

Wakati wa kurudi nilikaa chini siku kumi kabla, na kikombe cha kahawa, nikaandika kwenye karatasi kila safari na nani anairusha. Nilimpigia muuzaji nikaomba kitu kimoja: herufi sita za kila shirika linaloendesha. Dada wa simu hakushangaa hata kidogo, alinisomea kama aliyekuwa ananisubiri miaka yote. Kwa herufi hizo nikaingia tovuti ya kila mwenye ndege, moja moja. Jina la Mama lilikuwepo, siti ilikuwepo, na mahali pa chakula palikuwa patupu. Nikapajaza. Safari moja tovuti ilinikatalia, nikapiga simu, nikamwomba anayeongea anisomee alichoandika. Aliposema D, B, M, L ndipo nikakata. Kwa ndege fupi hawakuwa na chakula cha kuagiza kabisa, nao walisema wazi, nikajua ni wapi tubebe chakula chetu. Kama mlaji wako anataka halali tu, njia ni hiyo hiyo. Emirates na Qatar Airways wenyewe hupakia halali kwenye ndege zao zote, lakini ukinunua namba yao ukapanda ndege ya mshirika, uliza mshirika anapika nini.

Mdogo wangu naye alipata njia yake ya kuingia launji. Benki moja iliwahi kunipa kadi yenye Priority Pass ndani yake, yaani uanachama wa kuingia launji za viwanja mbalimbali, nikaiacha kwenye droo miezi. Kadi za aina hiyo hazijali umepanda ndege ya nani, zinatazama kadi na mkataba wa launji basi. Zina kasoro zake, launji ikijaa wao ndio wa kwanza kuambiwa warudi baadaye, na mgeni hulipiwa. Nililipa, nikanyamaza.

Amsterdam ndege ya Nairobi ilichelewa zaidi ya saa tano. Na hapa naomba mnicheke, kwa sababu pamoja na karatasi yangu na herufi zangu sita, miguu ilinipeleka moja kwa moja kwenye kaunta ya shirika lililotuuzia. Nilisimama foleni nusu saa. Nilipofika mbele nikaambiwa, kwa adabu, ndege si yao. Sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria anayeondoka Ulaya haki ya chakula na kinywaji ndege ikichelewa: saa 2 kwa safari zisizozidi kilomita 1500, na kwa safari ndefu kama yetu, zaidi ya kilomita 3500, kuanzia saa 4. Lakini mzigo huo ameubebeshwa anayeendesha ndege, si aliyekata tiketi. Nikavuka ukumbi kwenda kaunta ya pili, na huko vocha zilikuwa zimeshaanza kugawiwa. Hawakumtangazia mtu, aliyeuliza alipewa. Mama alikataa kuitumia yake kwenye duka la mikate, akazunguka mpaka akapata supu ya dengu, akasema haina kitu lakini ina moto.

Tulipokaa ndegeni, kabla kigari hakijatokea, binti mmoja alikuja na trei peke yake, akataja jina la Mama kwa kulivunjavunja, akaiweka mbele yake. Mimi nilijiona nimeshinda kesi. Mama akafunua karatasi ya fedha: samaki mweupe wa kuchemsha, maharage machanga, viazi viwili vidogo, tufaha. Hakuna chumvi, hakuna mchuzi, hakuna kitu cha kuficha chochote. Akakitazama kitambo.

"Siku kumi umepiga simu Marekani nzima," akasema, "kwa ajili ya chakula cha hospitali?"

Nikamwambia ndicho alichoandikiwa. Akavuta pumzi, akashika uma, akaonja, akauweka chini. Kisha akanigusa kiwiko. "Mwulize huyo binti kama ana ndimu."

Nikamwuliza. Akaenda kwenye kigari cha chai akarudi na vipande vinne vya limau kwenye kisahani. Mama akavikamua vyote juu ya samaki, akamla mpaka miba, na maganda ya limau akayanyonya moja moja akitazama nje, gizani.